Mlango wa Kuvuta

Habari ya wale watu watatu ilitufikia ikiwa imekwisha kuchakaa. Tajiri wetu alikuwa akinunua magazeti ya zamani kwa mafungu, ya kufungia mikate ya rejareja, na mimi ndiye niliyeyasoma kabla hayajakatwa. Ulikuwa mwanzo wa mwaka wa 1967. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, sina karo ya kuendelea, nikapata kazi ya kupima na kuviringa madonge ya unga katika bekari iliyokuwa nyuma ya msikiti, Majengo, mjini Nyeri.

Mchana tulibaki watatu. Fundi wa tanuri alikuwa mzee Mwislamu wa hapo hapo Majengo, ambaye babu yake aliletwa na msafara wa Wazungu akiwa mpagazi, akaoa na kuzikwa Nyeri. Kiswahili kilikuwa lugha ya mama yake, naye alitusahihisha tulipokiponda. Mkandaji alikuwa kijana wa rika langu kutoka pande za Othaya, mikono kama miguu ya meza, mdomo usiopumzika. Mimi nilikaa katikati yao na mizani yangu.

Bekari ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mwisho mmoja kulikuwa na tanuri la matofali, mwisho wa pili sanduku kubwa la mbao la kukandia unga. Madirisha yalikuwa mawili, yenye nondo. Mlango ulikuwa mmoja, wa mbao nene, na ulifunguka kuja ndani: aliyeko nje ausukume, aliyeko ndani auvute.

Asubuhi mlango ule ulikuwa wazi. Baada ya chakula cha mchana tajiri alipakia mikate ya kwanza kwenye gari lake dogo, akatufungia kwa kufuli kwa nje, akaenda kuigawa Kiganjo na Karatina. Sisi tulibaki tukioka mikate ya jioni. Alirudi giza likianza kuingia, akafungua. Sababu ilikuwa sukari. Zamani, bekari ilipokuwa mali ya familia ya Wahindi waliokuwa na duka mbele, magunia ya sukari yaliwahi kutoweka mchana kweupe, na kufuli likaanza hapo. Uhuru ulipokuja familia ile iliuza kila kitu ikahama. Aliyenunua bekari alikuwa dereva wao wa mikate, Mkikuyu mwenzetu, ambaye kabla ya kupewa gari alikuwa amekanda unga mle mle ndani. Alinunua tanuri, gari, mizani na kufuli.

Tofauti ilikuwa moja tu, na ilinichukua muda kuiona. Mhindi yule aliishi nyuma ya duka lake. Ufunguo ulining'inia jikoni kwa mkewe, na aliyefungiwa akipiga kelele alisikika. Tajiri wetu alikuwa tajiri na dereva pia, kwa hiyo ufunguo ulisafiri naye hadi Karatina.

Siku niliyowasomea habari ile ya safari ya mwezini, mkandaji alikuwa amezamisha mikono kwenye unga hadi viwikoni.

"Wamekufa huko mwezini?" aliniuliza.

"Hawajafika mwezini. Wamefia hapa hapa chini."

"Chini wapi?"

"Chini, kwao Amerika. Walikuwa wanafanya mazoezi tu. Roketi imesimama mahali pake, hata mafuta haijatiwa. Wakafungiwa ndani ya chombo wajaribu mitambo. Moto ukatokea."

Akacheka mpaka unga ukamrukia usoni. "Ati mtu anakufa safari haijaanza? Hiyo ni kama kugongwa na basi ukiwa kwako, unavaa kiatu!"

"Usicheke maiti, wewe," fundi alisema kutoka kwenye tanuri.

"Sicheki maiti, mzee. Nacheka safari."

Akaendelea kukanda. Halafu akasimama. "Na mlango? Hao watu hawakuwa na mlango?"

Nikarudi kwenye gazeti. Mlango ulikuwapo. Ulifunguka kuja ndani, kama wetu, tena ulikuwa na tabaka zaidi ya moja na makomeo mengi. Moto ulipowaka, hewa iliyokuwa ndani ikavimba kwa joto ikaukandamiza mlango mahali pake, na hakuna binadamu ambaye angeweza kuuvuta. Watu waliokuwa nje walipambana nao katika moshi mpaka baadhi yao wakaanguka. Walipoufungua, kazi ilikuwa imekwisha.

Mkandaji aliutazama mlango wetu. Magunia ya unga wa ngano yalikuwa yamepangwa mbele yake, yameuegemea, kwa sababu pale ndipo palikuwa mbali na joto la tanuri na paa halikuvuja. Kila alasiri, kufuli likishafungwa, tuliyasogeza pale ili tupate nafasi ya kufanyia kazi. Kila jioni, tajiri akikaribia kurudi, tuliyaondoa.

"Hii mlango yetu pia ni ya kuvuta," alisema.

"Mlango huu wetu, ni wa kuvuta," fundi alimsahihisha, lakini sauti yake haikuwa ya kusahihisha.

 Tuliyabeba magunia wawili wawili tukayapanga kwenye kona ya pili. Jioni tajiri alipofungua mlango na kukuta magunia yamepangwa vizuri kwenye kona ile, alituuliza kama tumeoa.

"Tajiri, tuko na neno," mkandaji alimwambia.

"Neno gani? Hamira imeisha?"

"Hamira iko. Ni ufunguo. Ukienda Karatina, acha ufunguo kwa mama wa chai."

Mama wa chai alikuwa na kibanda chini ya dirisha letu, jirani na fundi wa baiskeli. Alitupitishia vikombe katikati ya nondo.

"Ufunguo wa bekari yangu niache kwa mama wa chai? Na sukari niache kwa nani, kwa mchungaji?"

Nikamweleza habari ya wale watu watatu. Alisikiliza vizuri, akiwa ameshika kofia yake. Hakuwa mtu mkali.

"Hao walikuwa wanaenda mwezini," alisema mwishowe. "Wewe unaenda wapi?"

"Hata wao hawakuwa wameenda popote, tajiri."

Akatikisa kichwa. "Mimi nilifungiwa humu nikiwa kijana. Nikikanda pale pale anapokanda huyu. Si mnaniona? Sikufa."

Neno hilo lilitumaliza. Usingeweza kulijibu bila kumwambia mtu kwamba ilifaa afe ndipo aamini.

Masika yalikuja. Kona tuliyohamishia magunia ilikuwa chini ya bati bovu, na ngano ya gunia zima ikalowa na kuota ukungu. Tajiri hakugombana. Alisema tu, kwa upole, kwamba hawezi kuoka ukungu. Tukalirudisha gunia moja mlangoni, kisha la pili. Mvua ilipokwisha yalikuwa yamerudi yote, na sikumbuki siku hata moja ambayo tulikaa tukaamua yarudi.

Yeyote aliyekaa Nyeri anaijua baridi ya Julai. Ukungu unashuka kutoka mlimani asubuhi na hauondoki. Jua unalisikia tu likisemwa. Baridi hiyo ni adui wa mkate. Unga uliotiwa hamira hauumuki, unalala kwenye sanduku kama jiwe. Kwa hiyo kila Julai, toka wakati wa Wahindi, bekari ilikuwa na desturi yake. Madirisha yalizibwa kwa magunia matupu. Nyufa za mlango zilishindiliwa matambara. Na fundi alipomaliza kuchoma kuni ndani ya tanuri na kukokota makaa kutoka humo ili aingize mikate, makaa yale hayakuzimwa. Yaliwekwa kwenye karai, karai likasukumwa chini ya sanduku la unga. Kisha aliziba bomba la moshi kwa bati ili joto la tanuri lisipotee.

Zamani desturi hiyo ilifanywa mlango ukifunguliwa mara kwa mara, na makaa yakichoka yanatolewa nje. Sasa hayakuwa na pa kutolewa. Yalikaa nasi.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na bado naona kwamba kila kipande cha mtego ule kilikuwa na sababu nzuri. Kufuli lilikuwa la sukari. Magunia yalihamia mlangoni kwa ajili ya bati. Karai na madirisha yalikuwa ya hamira. Miaka baadaye nilisoma kwamba hata wale wahandisi walikuwa na sababu. Chombo chao cha siku za nyuma kiliwahi kufunguka mlango baharini kabla ya wakati wake, kikazama. Basi wakatengeneza mlango ambao hauwezi kufunguka kwa bahati mbaya. Waliweza.

Siku yenyewe haikuwa na dalili. Fundi alifunga mdomo wa tanuri, akakaa juu ya kreti. Mkandaji alivua shati, akaketi sakafuni, mgongo wake umeegemea sanduku, hapo karai lilipokuwa, kwa sababu ndipo palikuwa na joto. Viatu vyake alikuwa ameviacha karibu na mlango kama kawaida, alikanda peku. Alikuwa akitusimulia juu ya mjomba wake aliyenunua ng'ombe kipofu. Masimulizi yake yalianza kupunguza mwendo. Alirudia mahali alipokwisha kupita, akacheka mahali pasipo na kichekesho.

"Ng'ombe ikaenda ikaenda," alisema. "Ikaenda."

Nikamwambia amalize. Akasema atamaliza.

Kichwa changu kilikuwa kimefungwa waya. Nilipima donge, nikalirudisha, nikalipima tena, na mizani iliniambia kitu tofauti kila mara. Nilidhani ni njaa. Hakukuwa na moshi. Hilo ndilo lililotudanganya. Moshi ungetukohoza tukajua. Hewa ilikuwa safi machoni, ina joto la kupendeza, inanukia mkate.

Ndipo ikaadhiniwa alasiri.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Maji ya bomba yalikuwa nje, nasi tulikuwa ndani. Kila alasiri, mwadhini akianza, fundi alisogeza pembe ya gunia dirishani na kutoa birika lake katikati ya nondo. Mama wa chai, mwanamke wa kanisa asiyekosa ibada, alilijaza maji ya vuguvugu kutoka sufuria lake na kumrudishia, mzee akatawadha. Hawakuwahi kuzungumza juu ya hilo. Yeye alimwita Mzee wa Maji, basi.

Siku ile niliisikia adhana kana kwamba inatoka chini ya mto. Nikamtazama fundi. Macho yake yalikuwa wazi, yanaliangalia birika rafuni, na hakuinuka. Nilitaka kumwambia, mzee, maji. Maneno niliyaona, lakini hayakunifikia mdomoni. Nilijua kwamba tuna shida. Nilijua pia kwamba mlango umefungwa, na nikakumbuka, bila hofu, kama mtu anayekumbuka bei ya kitu, kwamba ufunguo uko Karatina.

Adhana ilikwisha. Kisha gunia la dirishani likatikisika.

"Mzee wa Maji! Leo husali? Maji inapoa!"

Akagonga nondo kwa kikombe.

"Nyinyi! Mmelala mchana kama wake wa chifu?"

Gunia likavutwa, likatoka lote, na baridi ya Julai ikaniingia usoni kama kofi. Uso wake ulikuwa katikati ya nondo. Ulibadilika nikiutazama.

"Uuuui! Watu wanakufa huku! Fundi wa baiskeli! Njoo na nyundo, njoo!"

Nilisikia miguu. Nilisikia chuma kikigonga chuma, na kila pigo liliingia kichwani mwangu. Kufuli lilikatika, mlango ukasukumwa, ukafunguka upana wa kiganja. Ukagonga magunia.

"Toeni hizo gunia!" fundi wa baiskeli alipiga kelele. "Nyinyi muko ndani, toeni!"

Gunia la ngano tulikuwa tukilibeba watu wawili wenye nguvu.  Nilitambaa mpaka pale nikalivuta, nikaliona halijui hata kama nimelishika. Mkononi bado nilikuwa na kisu cha kukatia madonge. Sikujua kwamba nilikuwa nacho. Nikalichana gunia la chini, kisha la pili. Ngano ikamwagika, magunia yakanywea, mlango ukaja ndani ukitambaa juu ya unga, na watu wakaingia.

Fundi wetu wa tanuri alitolewa akitapika. Mimi nilitolewa nikilia, wanasema, ingawa silikumbuki hilo. Mkandaji walimburuta kutoka kwenye sanduku, akapitishwa juu ya ngano, akatokea nje mweupe kichwa hadi miguu. Mama wa chai alimfuta uso kwa kanga yake. Midomo yake ilikuwa imeiva, ina rangi nzuri kuliko siku zote, na kwa kitambo watu walishangilia wakidhani yu mzima. Walimkimbiza hospitali kwa mkokoteni. Hakufika.

Tajiri alirudi saa zake. Umati ulimpisha. Alisimama mbele ya mlango, akaangalia ngano iliyomwagika mpaka barabarani, akaangalia kufuli lililovunjika.

"Nani amevunja?"

"Ni mimi," fundi wa baiskeli alisema. "Na wewe ulikuwa wapi na ufunguo?"

 Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Alikuwa amekwisha kuutoa mfukoni ndani ya gari, kama kila jioni, tayari kufungua.

Daktari alisema ni sumu ya hewa ya makaa, nayo ndiyo iliyompa rangi ile ya midomo. Tulimzika mwenzetu kwao, kwenye mteremko wenye chai pande mbili. Tajiri alikuja akiwa amebeba viatu vya marehemu, vimefungwa kwa gazeti. Alimpa mama mzazi. Mama yule alivipokea kwa mikono miwili, akauliza kwa nini mwanawe alikuwa hana viatu. Tajiri akafungua mdomo kumweleza kwamba mkandaji hukanda peku, kwamba hata yeye alikuwa akikanda peku, na hapo ndipo akashindwa. Alikaa chini kwenye nyasi mbele za watu. Sijamwona mwanamume wa Nyeri akikaa chini hivyo, kabla wala baada.

Nilikuwa nimeapa sirudi. Nikarudi, kwa kuwa kazi nyingine haikuwapo, na kwa kuwa fundi alirudi. Seremala alikuwa ameugeuza mlango ufunguke kwenda nje. Kufuli halikuwapo, bali komeo jepesi la ndani. Tajiri aliajiri dereva, akawa anashinda mle ndani nasi, amekaa juu ya gunia la sukari akilinda sukari yake mwenyewe, nao mlango ukiwa umerudishwa tu bila kufungwa.

Ungedhani tulipumua. Alasiri ya kwanza hakuna aliyetulia. Mimi nilikwenda kuusukuma mlango, ukafunguka. Nikarudi kwenye mizani, nikaenda kuusukuma tena. Mkandaji mpya alidhani nina tatizo la tumbo. Sanduku lilibaki pale pale, na doa la joto la karai lilikuwa bado sakafuni, na nilipolipita nilishika pumzi bila kutaka.

Tena kulikuwa na baridi. Fundi aliapa kwamba dirisha moja halitazibwa tena na makaa yatatolewa nje, hata mkate ukitoka kama chapati. Ukatoka kama chapati. Kila Julai mkate wetu ulikonda, na wenye maduka wakalalamika.

"Mkate gani huu umepigwa na nini?" mmoja alimuuliza tajiri mbele yetu.

"Na baridi," tajiri alisema. "Kama hutaki, rudi mwezi wa tisa."

Mwaka wa 1971, majira yale yale, redio ya mama wa chai ilitangaza kwamba Warusi watatu wamekufa wakirudi kutoka angani. Chombo chao kilitua vizuri. Waliokwenda kuwapokea walifungua mlango, wakawakuta wameketi, wamenyamaza. Nilimweleza fundi, ambaye kifua chake hakikupona tangu siku ile, na ambaye sasa alitumia pumzi zake kwa hesabu.

"Mlango wao ulikuwaje?" aliniuliza.

"Mlango haukuwa na kosa, mzee. Kulikuwa na kitundu cha hewa. Kilifunguka wakiwa juu, hewa ikatoka yote."

Alifikiri. Tajiri alikuwa juu ya gunia lake, akisikiliza huku akijifanya anasinzia.

"Na hakuna aliyekuwa nje," fundi alisema.

"Huko juu? Hakuna."

Adhana ilianza. Fundi aliinuka kwa taabu akachukua birika. Mlango ulikuwa wazi, bomba lilikuwa hatua chache tu nje. Hakwenda mlangoni. Alikwenda dirishani, kwenye nondo, akalitoa birika nje, akangoja mkono wa mama wa chai ulipokee.